Kicheko na Fumbo: Kwa Nini Hadithi za Wezi na Wapelelezi Hupendwa

Katika soko la Chwele, chini ya Mlima Elgon, mtu aliyekuja kuuza vitunguu hufunga fedha zake katika pindo la nguo, akazigusa kila mara kwa kuwaogopa wezi. Jioni mtu huyo huyo, akiisha kula na kupumzika, hutwaa kitabu chenye habari za mwizi, akakisoma mpaka usingizi umshike, huku akicheka peke yake. Mwizi wa sokoni humtia hofu. Mwizi wa kitabuni humtia raha. Jambo hili ni la ajabu kidogo, na yafaa lichunguzwe, maana wasomaji wa hadithi za namna hii ni wengi sana, na wengi wao si watu wapumbavu. Ni wakulima, makarani, walimu na wenye maduka, watu wanaojua thamani ya saa zao.

Wako wazee wasiopendezwa na hadithi hizo. Husema kwamba kijana asomaye habari za uhalifu atajifunza uhalifu, na ya kuwa kifo na wizi si mambo ya kuchekwa. Maneno yao si ya kudharauliwa. Walakini kabla ya kutoa hukumu ni vema kutazama hadithi zenyewe zimetoka wapi, zinafanya kazi gani katika akili ya msomaji, na mwisho wake humwacha na nini mkononi.

Kwanza, hadithi hizi si kitu kigeni kilicholetwa na meli. Zamani, kabla ya shule kujengwa katika nchi ya Wabukusu, watoto walikaa karibu na moto wakasikiliza hila za sungura, ambaye Wabukusu humwita Wanakhamuna. Mnyama huyu ni mdogo, hana nguvu, na mara nyingi ni mwizi pia; lakini wakubwa wenye meno na pembe hudanganywa naye wakaona aibu. Watoto walicheka, wala hakuna mzazi aliyedhani kwamba kesho mtoto wake atakwenda kuiba kwa kuwa sungura aliiba. Kila mtu alifahamu kwamba kinachosifiwa hapo ni akili, na kinachochekwa ni kiburi cha mwenye nguvu asiyefikiri.

Huko pwani nako watu walikuwa na Abunuwasi, ambaye jina lake limetokana na mshairi wa Baghdad wa zama za Harun Rashid. Habari moja yajulikana sana katika Afrika Mashariki. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake, akairudisha pamoja na sufuria ndogo ndani yake, akasema kwamba ile kubwa imezaa. Jirani akafurahi, akazipokea zote mbili bila ya kuuliza neno. Mara ya pili Abunuwasi akaazima tena, asirudishe. Na alipodaiwa akajibu kwa huzuni kwamba sufuria imekufa. Jirani akaenda kushitaki. Lakini mtu aliyekubali kwamba sufuria huzaa, atakataaje kwamba hufa?

Hadithi hiyo ni fupi, hata karani aweza kuisimulia kabla maji ya chai hayajachemka. Hata hivyo ndani yake mna mambo yote ambayo waandishi wa siku hizi huyatafuta: mali iliyopotea, mdanganyifu, mlalamikaji, baraza la hukumu, na jibu ambalo hakuna aliyelitazamia. Tena kicheko chake hakimwangukii mtu maskini wala mgonjwa. Chamwangukia mtu aliyeingiwa na tamaa, akakubali uongo kwa kuwa uongo ule ulimletea faida.

Pili, yafaa kujua jinsi hadithi za upelelezi zilivyopata sura yake ya leo. Mwaka 1841 mwandishi wa Marekani, Edgar Allan Poe, alitoa hadithi ya mauaji yaliyotokea katika nyumba moja ya mji wa Paris, na ndani yake akamweka mtu mmoja mwenye akili nyingi ambaye hufumbua jambo kwa kutazama na kufikiri tu. Baada yake alikuja daktari wa Uingereza, Arthur Conan Doyle. Tangu mwaka 1891 hadithi zake fupi juu ya Sherlock Holmes zilipigwa chapa katika gazeti liitwalo The Strand Magazine, nazo zikasomwa kwa shauku kubwa. Kila moja ilimalizika katika toleo moja, hata msomaji aliyekosa toleo lililopita hakupotewa na habari. Basi mtu mwenye kazi, ambaye hana nafasi ya kusoma kitabu kizima, aliweza kupata mwanzo, kati na mwisho kwa usiku mmoja.

Katika hadithi hizo iko moja, iliyotoka mwaka huo huo wa 1891, ambayo inaonyesha vizuri jinsi kicheko na uhalifu vinavyoweza kukaa katika chungu kimoja. Mtu mmoja mwenye duka la rehani katika mji wa London, mwenye nywele nyekundu mno, aliambiwa kwamba kuna chama cha watu wenye nywele nyekundu, na kwamba chama hicho kitampa pauni 4 kila juma. Kazi yake ni kwenda katika ofisi fulani kila siku kwa saa chache, akae kitini, na kunakili maneno ya kitabu kikubwa cha maarifa kuanzia herufi ya kwanza. Yule bwana akaifanya kazi ile kwa uaminifu wiki nyingi. Siku moja akakuta mlango umefungwa, na tangazo limebandikwa kwamba chama kimevunjwa.

Msomaji hucheka, maana ni nani awezaye kumlipa mtu kwa sababu ya rangi ya nywele zake? Hata Holmes mwenyewe anacheka. Lakini baada ya kucheka huuliza swali ambalo mwenye duka hakuliuliza: je, muda ule alipokuwa mbali na duka lake, nani alibaki humo, na alikuwa akifanya nini? Dalili ilikuwako tangu mwanzo. Msaidizi wa duka alikuwa mtu hodari, naye alikubali kufanya kazi kwa nusu ya mshahara. Mtu hodari hakubali nusu ya mshahara bure. Alikuwa akichimba njia chini ya ardhi ili kuingia katika benki iliyokuwa karibu.

Hadithi hiyo imepita miaka zaidi ya 130, walakini haijazeeka. Leo hii katika nyumba nyingi za Bungoma na Kitale huingia ujumbe katika simu ya mkononi, ukisema kwamba mwenye simu ameshinda zawadi ambayo hakuiomba, na kwamba atume fedha kidogo kwanza ili aipokee. Huo ni ule ule mshahara wa nywele nyekundu, ila umevaa nguo mpya. Msomaji aliyemcheka mwenye duka wa London amejifunza bila ya kuchapwa fimbo kwamba fedha isiyo na sababu ina sababu iliyofichwa.

Tatu, lugha ya Kiswahili yenyewe imezaa bingwa katika kazi hii. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kisiwani Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo yake alifanya kazi katika idara ya afya kwa miaka mingi, kisha akaingia katika kazi ya magazeti. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti lililoandikwa kwa ajili ya wakulima wa Zanzibar, akaendelea nalo mpaka mwaka 1968. Basi mtu aliyewapa wasomaji wa Kiswahili mpelelezi wao wa kwanza mwenye sifa alikuwa ni mtu huyo huyo aliyeshughulika kila siku na magazeti ya wakulima.

Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 na makao yake yakawa Nairobi, ilifanya mashindano ya kuandika hadithi katika miaka ya 1957 na 1958. Abdulla akapata zawadi ya kwanza kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Humo ndimo wasomaji walipomjua Bwana Msa. Yeye ni mtu mtaratibu, mvutaji wa kiko, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Pamoja naye yuko rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi. Baadaye vilifuata vitabu vingine, kama Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, na Siri ya Sifuri mwaka 1974. Hizi si hadithi fupi kama zile za The Strand Magazine, bali ni riwaya. Lakini ladha yake ni ile ile, na kicheko chake ni cha Kiswahili hasa. Ni kicheko cha barazani, cha mtu anayejua kumtania mwenzake bila ya kumvunjia heshima.

Jina la kitabu cha mwisho cha Bwana Msa, kilichotolewa mwaka 1984, ni Kosa la Bwana Msa. Jina hilo peke yake lina mzaha ndani yake. Mwandishi aliyemtukuza mpelelezi wake miaka mingi hakuona haya kulitia neno kosa karibu na jina lake. Hii ni alama ya mwandishi mwenye kuujua ubinadamu. Mpelelezi asiyechekwa hata mara moja hugeuka kuwa sanamu, na sanamu haipendwi na mtu.

Lakini jambo kubwa zaidi katika kile kitabu cha kwanza ni mahali penyewe palipochaguliwa. Tajiri mmoja mwenye mashamba ameuawa, na maiti yake imeonekana penye mzimu. Ni jambo jepesi kwa watu kunong'ona kwamba wa kale wamekasirika, na mambo yakaishia hapo. Bwana Msa haridhiki na mnong'ono. Huutazama mzimu kama atazamavyo mahali pengine po pote: nani alipita hapa, kwa sababu gani, na nani anafaidika? Mwisho hudhihirika kwamba mkono uliotenda jambo ni mkono wa mtu.

Hata mgeni mmoja aliyeishi katika nchi hizi baadaye alipata sifa kwa hadithi za namna hii. Roald Dahl, kijana wa Kiingereza, alifika Tanganyika mwaka 1938 kufanya kazi na kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam. Vita vilipoanza mwaka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la ndege. Mwaka 1953 alitoa hadithi fupi ambayo inajulikana duniani kote. Mke anampiga mumewe kwa paja la kondoo lililoganda kwa baridi kama jiwe, naye mume anakufa. Kisha analitia paja lile jikoni, na polisi wanapokuja kuitafuta silaha anawakaribisha chakula. Wanaila, huku wakisemezana kwamba silaha bila shaka iko karibu sana. Msomaji hucheka na kutetemeka kwa wakati mmoja, kwa kuwa yeye anajua jambo ambalo walaji hawalijui.

Hapo ndipo siri ya mapenzi haya inapoonekana. Mzaha na fumbo ni ndugu wa tumbo moja. Mchekeshaji huficha neno lake la mwisho mpaka watu wameelekeza fikira upande mwingine, ndipo akalitoa ghafula. Mwandishi wa fumbo naye huonyesha dalili zote waziwazi, lakini huzipanga hata msomaji akazipita bila ya kuziona. Kufumbuliwa kwa fumbo na kuangua kicheko ni tendo moja la akili: mtu huona kwa mara moja kwamba jambo lilikuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo. Furaha yake ni ya mtu aliyetafuta jembe nyumba nzima akalikuta begani mwake.

Tena hadithi za namna hii humheshimu msomaji. Hazimwambii tu, bali humpa kazi. Na kazi hiyo si ngeni kwa mkulima wala kwa karani. Mkulima anapoona mahindi yake yamedumaa na majani yamegeuka rangi, hawezi kushika mtu wala mdudu wa kwanza apitaye. Yamkini adui ni kiduha, mgugu ule wenye maua ya zambarau unaosumbua sehemu nyingi za magharibi ya Kenya. Mgugu huo hushika mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kuinyonya, na madhara yake huwa yamekwisha kuanza kabla maua hayajaonekana juu. Asiyechimba hawezi kumjua mwizi. Kadhalika karani ambaye hesabu zake zimepungua senti 6 hampigii kelele tarishi. Hurudi katika daftari, akafuata mstari baada ya mstari, mpaka atakapoona mahali ambapo 1 iliandikwa kama 7. Wote wawili ni wapelelezi, ijapokuwa hakuna aliyewaandikia kitabu.

Sasa na yarudiwe malalamiko ya wazee. Ni kweli kwamba ziko hadithi mbaya. Hadithi inayofurahia mateso, au inayomcheka mjane na yatima, haifai kuingia nyumbani. Ziko pia zile zinazomtukuza jambazi kwa sababu ya gari lake na bastola yake, wala haziulizi juu ya mtu aliyempora. Lakini hadithi njema ya upelelezi hufundisha kinyume cha uhalifu. Waswahili husema kwamba siku za mwizi ni arobaini, na hadithi hizi ni hesabu ya siku hizo. Kitu kidogo ambacho mkosaji hakukikumbuka, kama jivu, au tope la kiatu, au neno moja alilozidisha, ndicho kinachomtia mikononi mwa haki. Mtu akiyasoma hayo hajifunzi kwamba uhalifu ni rahisi. Hujifunza kwamba si rahisi.

Na liko funzo moja kubwa kuliko yote. Iko methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali ya hekima ikiwa mtu anaitumia ili ajihadhari. Lakini ikiwa hutumiwa kama hukumu, huua. Kuku akipotea, au ghala likivunjwa, au mtoto akifa ghafula, kijiji hutaka jina upesi. Mara nyingi jina linalotajwa ni la mtu asiye na wa kumtetea: mgeni, mlevi, kikongwe anayekaa peke yake. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika nchi ya Kisii, watu 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto na kundi la watu kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Hapakuwa na shahidi aliyeulizwa, wala dalili iliyopimwa, wala swali la pili baada ya swali la kwanza. Lilisemwa, basi likahesabiwa kuwa lipo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika sehemu ya 50, yasema kwamba kila mshitakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitike kinyume chake. Maneno hayo ni mazuri, lakini sheria ikiwa katika karatasi tu haimfikii kikongwe usiku anapozungukwa. Humfikia ikiwa katika kundi lile yuko mtu mmoja ambaye amezoea kuuliza: nani aliona? Aliona nini hasa? Alikuwa wapi saa ile? Nani anafaidika jirani huyu akifukuzwa katika shamba lake? Na zoea hilo la kuuliza ndilo linalopatikana katika kurasa za hadithi za upelelezi. Msomaji wa hadithi hizo amekwisha kudanganywa mara mia na mwandishi. Amemshuku mpishi, kumbe ni daktari. Amemshuku mgeni, kumbe ni ndugu wa damu. Kila mara amejicheka mwenyewe kwa haraka yake. Aliyejicheka hivyo mara nyingi hupunguza kiburi cha kusema, "Mimi namjua aliyefanya."

Kwa hiyo kicheko cha hadithi hizi si ukosefu wa adabu mbele ya kifo. Ni dawa ya ukaidi. Hofu huyafunga macho ya watu, na hasira huyafunga zaidi. Kicheko huyafungua kidogo, mtu akaweza kutazama tena. Hakimu mwenye hasira na mpelelezi mwenye hofu hawafai. Wala hafai mzee wa mtaa ambaye hawezi kungoja mpaka kesho.

Mwenye kutaka kuwapa watoto wake faida ya hadithi hizi na afanye jambo moja jepesi. Awasomee kwa sauti jioni, kisha asimame kabla ya ukurasa wa mwisho, akaufunga kitabu, na kuwauliza: ni nani, na mwasema hivyo kwa dalili gani? Mtoto atakayetaja jina bila ya dalili asikemewe, bali aulizwe tena kwa upole. Atakayesema kwamba bado hajui, na kwamba angetaka kwanza kusikia maneno ya yule mpishi, huyo asifiwe mbele ya wenzake. Ndipo kitabu kifunguliwe, na nyumba nzima icheke pamoja. Maana haraka haraka haina baraka, na mwenye subira hula mbivu.